Herufi za Jiwe la Mwenyekiti

Wananchi wote wa Karatu, kuanzia Baray mpaka Buger, mnatangaziwa kwamba herufi zimepatikana. Ilikuwa mwaka sabini na nane, na aliyezipata ni mimi, Katibu wa Kamati ya Herufi za Mawe ya Kumbukumbu, darasa la saba, kalamu mbili mfukoni.

Kazi haikuwa ndogo, aisee. Ndugu Marseli, Mwenyekiti wetu, alikuwa anawekewa jiwe la kumbukumbu kwenye josho jipya la ng'ombe. Akataka jina lake kwenye kadi za mwaliko lifanane na la kwenye jiwe, mguu kwa mguu. Sasa, mawe yote ya kwetu anachonga mzee Qamara kwa patasi, na kila R yake ina mguu wake, inategemea jiwe limekubali wapi. Kamati ikasimamisha uchongaji wote mpaka ipatikane chapa inayofanana na mkono wake.

Hapo ndipo mama Cresensia alipokwama. Jiwe la kaburi la mumewe lilikuwa limefika BARTO. Misa ya mwaka mmoja ni Jumamosi, ukoo mzima unakuja.

"Mwanangu," akaniambia, "Bartolomeo ataitwa Barto mpaka lini?"

Nikamjibu kwamba suala lake linashughulikiwa.

Nikazunguka makaburini, nikinakili herufi kwa mkaa na karatasi. Kwa Piusi, mpiga chapa wa misheni, nikaipata: kwenye karatasi zake R ilichechemea kama ya Qamara kabisa. Nikamwamuru apange jina la Mwenyekiti kwa zile herufi za risasi anazozipaka wino, azifunge uzi, ziende kwa Qamara ziwe kielelezo. Piusi akaanza kunieleza jambo kuhusu herufi za risasi. Nikamwambia Kamati haifundishwi.

Qamara akazishika, akaziangalia, akaniangalia na mimi. Zilikuwa zimekaa kigeni kidogo. Nikajua ndio utaalamu.

"Nichonge kama zilivyo?"

"Kama zilivyo, mzee. Usiongeze, usipunguze."

Nikamwandikia, nikasaini, nikagonga muhuri.

Ijumaa josho likafunguliwa, pazia likavutwa. Jina la Mwenyekiti lilianzia kulia, E na L zimegeukia nyuma kama ng'ombe waliogoma kuingia joshoni. Kumbe ndilo jambo la Piusi: herufi za risasi hukaa kinyume, karatasi ndiyo inayozinyoosha. Qamara akatoa karatasi yangu, akaisoma taratibu mpaka kwenye muhuri.

Mwenyekiti akavunja Kamati palepale. Qamara akabeba patasi, akaenda kumalizia LOMEO. Jumamosi Bartolomeo akasomewa misa akiwa na jina lake lote.

Baada ya misa mama Cresensia akanipa kitu kwenye kitambaa. Kioo cha kunyolea ndevu cha marehemu.

"Mpelekee Mwenyekiti," akasema. "Akitaka kujisoma, aligeuzie jiwe mgongo."

Kioo kimepokelewa rasmi. Kamati imeundwa upya, ina mjumbe mmoja, na wageni wa Mwenyekiti wakija joshoni, mjumbe huyo ndiye anayekishika.