Mabegi Mawili ya Saidi kutoka Jeneva

Leo nimeaibika mbele ya mtaa wetu mzima wa Mitwero, na kilichoniponza ni mdomo wangu mwenyewe.

Mwanangu Saidi anafanya kazi Jeneva, Uswisi. (Mnajua. Nimewaambia kila siku kwa miaka mitatu.) Juzi alinipigia simu kuwa anakuja likizo na mabegi mawili makubwa. Hayo mabegi yakanipanda kichwani. Jirani yangu Mzee Chande nikamwahidi koti. Mkewe, Bi Somoe, nikamwahidi saa. Saidi mwenyewe sikumuuliza chochote.

Asubuhi nikakodi bajaji mbili, moja yetu, moja ya mizigo. Saidi akashuka kwenye basi na nywele kama kichaka. Nikadhani ndio mtindo wa huko. Dereva wa bajaji akajikaza kunyanyua begi, nusura aanguke chali, maana lilikuwa jepesi kama tenga tupu. Nikamweleza kuwa vitu vya Ulaya havina uzito. (Nilisema hivyo kweli, na stendi imejaa watu.)

Nyumbani baraza limefurika. Mzee Chande yuko mbele kabisa, kavaa shati la kuendana na koti. Saidi akawaamkia wote, kisha akaninong'oneza tukafungulie mabegi ndani. Nikakataa. Nikavuta zipu mwenyewe.

La kwanza: suruali mbili na taulo. La pili: karatasi moja. Nikaisoma kwa sauti nikidhani ni orodha ya zawadi na majina ya wenyewe. Makopa ya muhogo kilo kumi. Samaki wakavu, ng'onda. Korosho. Sabuni za mche.

"Hivyo ni vya kurudi navyo, baba," Saidi akasema taratibu. "Kule kunyoa tu ni bei ya mbuzi wa hapa. Chumba kinameza nusu ya mshahara. Nimesubiri kinyozi wa nyumbani miezi sita."

Bi Somoe akajifunika mdomo kwa khanga, mabega yanamtikisika.

Mzee Chande akasimama. "Twende kwa kinyozi, mwanangu, nalipa mimi. Koti nitavaa la baba yako."

Nilibaki na ile karatasi mkononi. Miaka mitatu nimemtumia kijana orodha kila mwezi: simu, viatu, redio. Hii ndiyo ya kwanza yeye kuniletea, na hakuna kitu humo kinachonishinda.

Kwa hiyo mnaotaka kucheka, njooni mcheke hapahapa kwangu. Kila mmoja aje na kilo ya makopa. Begi la pili bado lina nafasi.