Wiki Yangu na Neno Merimna

Jumatatu, 4 Machi

Nimeropoka. Jana baada ya ibada Mchungaji aliuliza nani katika kikundi chetu cha Biblia anakijua Kigiriki, lugha ya Agano Jipya. Nikamwona Fundi Saa anafungua mdomo. Nikawahi: mimi, kidogo. Kidogo! Sijui hata herufi moja. Mchungaji akafurahi, akanipa neno la kufundisha Jumapili: merimna. Kitenzi chake kimo kwenye Injili, alisema, pale Yesu anapowaambia watu wasisumbukie chakula, mavazi wala kesho. Nilichore neno hilo kwa herufi zake, nilieleze, kisha kikundi kichague mwalimu wake wa mwaka mzima.

Mwalimu ni mimi, mwaka wa sita huu. Masjala ninakofanya kazi naitwa “wewe wa mafaili”. Jumapili tu ndiyo naitwa Mwalimu. Nikinyang’anywa hilo, sijui nitabaki nani.

Jumanne, 5 Machi

Fundi Saa ni shemeji yangu, binamu wa mke wangu, kwa hiyo hata kumchukia inabidi nimchukie kwa heshima. Ana meza yake karibu na posta, na chini ya meza ana kitabu kinene. Kitabu gani? Nimepita mara tatu. Mara ya tatu akaniita, akauliza kama saa yangu imesimama. Nikasema ndiyo. Akaifungua, akaitazama, akasema haina ubaya wowote, labda mimi mwenyewe ndiye niliyechoka. Akaongeza kwamba kama kuna lolote la Jumapili linanitatiza, nisione haya kumwambia.

Ananipima! Nimemjibu kwamba Kigiriki kwangu ni kama maji. Nimerudi ofisini nikaweka faili la mtu aliyestaafu kwenye kabati la waajiriwa wapya.

Alhamisi, 7 Machi

Mpango umetimia. Nilikwenda ofisi ya Mchungaji akiwa hayupo, nikajitolea kufuta vumbi kwenye vitabu vyake. Karani wake aliniangalia kwa mashaka lakini akaniachia chumba. Kamusi nikaipata. Neno nikalipata pia, kwa sababu Mchungaji mwenyewe alikuwa ameandika pembeni kwa penseli: merimna, wasiwasi, mahangaiko.

Nikatoa karatasi yetu ya nakala ya masjala, ile nyembamba inayoonyesha kilicho chini yake. Nikailaza juu ya neno, nikafuatisha herufi moja moja. Karani akachungulia, nikakunja karatasi haraka nikaitia mfuko wa shati. Akauliza mbona vumbi liko palepale.

Jumamosi, 9 Machi

Nimechora bango. Ilibidi nifikiri kidogo, maana karatasi ililowa jasho mfukoni na herufi zinaonekana sawasawa pande zote mbili. Nimechagua upande ulioonekana wa Kigiriki zaidi.

Mke wangu anasema sijala cha maana tangu Alhamisi. Aliuliza hilo neno maana yake nini. Nikamwambia wasiwasi. Akaniletea chai, akaketi nami mpaka nikaimaliza.

Jumapili, 10 Machi

Siku gani hii! Nilitundika bango kwenye kamba mbele ya dirisha. Nikaeleza wasiwasi ni nini, na hapo sikuhitaji kamusi. Nikawaambia watazame uzuri wa herufi. Mchungaji akatazama. Akainamisha kichwa kushoto, akainamisha kulia.

Fundi Saa akainuka. Akazunguka nyuma ya bango, upande wa dirisha, jua likipenya kwenye karatasi. Akasema kwa upole kwamba ukisimama huku linasomeka vizuri kabisa, Mwalimu amelichora limetazama nje. Kikundi kizima kikahamia nyuma. Nikabaki mbele peke yangu, nikiona miguu yao tu chini ya bango. Nilisema nimekusudia. Mtu mmoja akakohoa.

Fundi Saa akawafundisha hukohuko. Alisema Paulo anatumia neno la ukoo huohuo akitaka waumini watunzane kama viungo vya mwili mmoja. Moyo unaohangaika ni uleule, ila inategemea unamhangaikia nani. Nilitamani ningelisema mimi.

Ikaja kura. Sauti tatu zikamtaja Fundi Saa. Nilihisi jina langu la Mwalimu linatoka mlangoni. Lakini shemeji akakataa. Alisema wiki nzima nimekonda kwa ajili yao, niendelee, naye atanifundisha herufi taratibu. Mikono yote ikainuka kwa ajili yangu. Nilitaka kulia, nikajifanya nakunja bango.

Jumatatu, 11 Machi

Nimewaza usiku kucha. Hakuna mtu anayekataa cheo hivihivi. Lazima anatafuta kitu kikubwa zaidi. Uzee wa kanisa? Au ananipandisha ili aniangushe nikiwa juu?

Nimeomba ruhusa kazini kwa kisingizio cha jino, nikakaa ng’ambo ya posta nyuma ya gazeti, nikimchunguza. Saa nne alitengeneza saa. Saa sita akatengeneza nyingine. Saa saba akanipungia mkono. Mjanja sana huyu. Kesho naanza mapema zaidi.

Mke wangu ameuliza si jana tu niliwafundisha watu wasiisumbukie kesho. Nimemwambia somo lile lilikuwa la wanafunzi.