Kijitabu Kilichowatangulia Wahitimu

Jumatatu, 4 Mei
Shangazi anasafiri mwezi ujao kumwona mjukuu. Funguo za duka lake la uchapaji zitabaki na mmoja wetu: mimi au binamu yangu Kalamu, yule asiyetoa peni sikioni hata akilala. Mtihani wangu: kijitabu cha mahafali ya chekechea kiwe tayari leo. Shangazi atakikagua kesho jioni. Rahisi! Nikajilaza kidogo kwanza.

Jumanne, 5 Mei
Nililala mno. Kijitabu nimekimaliza leo mchana. Lakini akili ni mali! Nikarudisha saa ya kompyuta nyuma hadi Jumapili, ndipo nikahifadhi kazi. Shangazi kaona tarehe ya faili, kasema kumbe nafanya kazi hata siku ya mapumziko. Kalamu kanuna. Raha iliyoje!

Jumatano, 6 Mei
Balaa. Saa nilisahau kuirudisha mbele. Kuwasha tu kompyuta, Linux, programu inayoiendesha, ikamwaga maonyo kioo kizima: faili hili lina tarehe ambayo haijafika, na hili, na lile. Kalamu akayasoma kwa sauti mbele ya wateja. Shangazi akauliza faili linaandikwaje kesho. Nikasema mashine yetu ni nyepesi, inatangulia kazi. Akasema vizuri, basi imtolee mialiko ya Ijumaa aiuze leo. Nikajitia kukohoa.

Alhamisi, 7 Mei
Ili kosa lionekane la mashine, nimebadilisha betri ndogo ya ndani inayotunza saa. Kuing'oa tu, saa ikarudi miaka kumi nyuma! Sasa kila faili la duka linatoka kesho. Kalamu akashauri nirekebishe saa, basi. Ushauri wa Kalamu? Bora nife. Nikatafuta amri inayoyapa mafaili yote tarehe ya sasa hivi ya kompyuta. Nikaiendesha. Nikawasha upya. Hakuna onyo hata moja! Nimetembea kifua mbele hadi nyumbani.

Ijumaa, 8 Mei
Shangazi alitafuta kazi ya mteja wa mwaka jana kwa tarehe. Haipo. Kazi zote za duka zimefanywa siku moja, dakika moja, miaka minne kabla duka halijafunguliwa. Hata kijitabu! Wahitimu wenyewe walikuwa hawajazaliwa. Shangazi hakufoka. Afadhali angefoka. Alisema aliyefanya kazi zote hizo kwa dakika moja lazima amechoka, apumzike. Funguo kampa Kalamu, kwa masharti: akichelewa kufungua, anazirudisha. Imeniuma. Nimelia uani, kidogo.

Jumamosi, 9 Mei
Masharti hayo ndiyo yaliyonifufua. Jana kabla ya kulala nilirudisha nyuma saa ya ukutani, pale sebuleni kwa shangazi tunapoishi sote. Asubuhi Kalamu akatazama saa yake ya mkononi, akatoka. Mimi nikanywa chai taratibu, nikiangalia ya ukutani. Nilipofika duka limejaa wateja, na shangazi kakalia kiti changu.
Si kitu. Nimegundua kwamba Kalamu huivua ile saa akienda kuoga.