Barua ya Posa Imelowa Mikononi Mwangu

Jamani, leo nimeaibika, na nasimulia mwenyewe kabla Bakari hajawasimulia.

Bakari ni binamu yangu. Amepata mchumba kijiji cha Bungu, kule milimani, na mshenga nikawa mimi. (Mama ndiye aliyenichagua, kwa sababu nina shati jeupe.) Alfajiri nimetoka Handeni na barua ya posa, baba yake Bakari ameiandika kwa mkono, kwa wino wa bluu. Mama akasema niiweke kwenye mkoba. Nikaona itajikunja. Nikaishika mkononi mpaka Korogwe, na kutoka Korogwe mpaka huko juu mlimani.

Sasa, viganja vyangu vinatoa jasho. Tangu darasa la kwanza madaftari yangu yalikuwa yanalowa. Handeni hakuna anayejua, kwa joto lile kila mtu analowa. Lakini Bungu leo kulikuwa na ukungu, watu wamevaa masweta, na mimi peke yangu nachuruzika.

Nikampa babu wa binti shikamoo na mkono. Akaitikia marahaba, halafu akajifuta kiganja kwenye koti. Nikamkabidhi barua kwa mikono miwili. Salamu zilisomeka. Baada ya salamu, madoa ya bluu mpaka chini.

Babu akanitazama sana. "Mtu anayetoka jasho kwenye baridi hii anaficha jambo. Huyo Bakari ana mke huko Handeni?"

Nikaapa hana. Kadiri nilivyoapa ndivyo nilivyozidi kulowa (sasa mpaka kwapani). Wazee wakaanza kunong'ona Kishambaa. Nikamwona binti mlangoni anafuta machozi, na roho ikaniuma kweli. Nilikuwa nimemvunjia binamu yangu ndoa kwa viganja.

Ndipo shangazi wa binti, ambaye ni nesi, akanishika mikono, akaigeuza.

"Ukilala vinakauka?"

"Sijui, shangazi. Nikilala nakuwa nimelala."

Akawaeleza wazee kwamba huu ni ugonjwa. Tezi za jasho zinafanya kazi kupita kiasi, hata pasipo joto wala woga. Si uchafu, si uongo, na dawa ya kupaka ipo. Wengi wenye hali hiyo wakilala viganja hukauka.

Babu akafikiri. "Basi alale tuone."

Wakatandika mkeka hapo hapo, katikati ya wazee saba. Nikapanga kujifanya nimelala (nani atalala huku anatazamwa?). Tatizo nilikuwa macho tangu saa tisa usiku. Nilipozinduka, babu amenishika kiganja kama mtu anayechagua parachichi, wanawake hawana mbavu kwa kucheka, na shangazi amenirekodi ninavyokoroma.

"Vikavu," babu akatangaza. Posa ikapokelewa.

Wiki ijayo naenda hospitali, shangazi kaniandikia kikaratasi. (Nimekiweka kwenye mkoba.) Ila naombeni msinicheke. Nimejieleza saa nzima sikuaminiwa, nikakoroma nusu saa tukapewa mke.