Shati la Kiume kwenye Picha ya Mkwe

Jumatatu, 4 Machi
Leo nimefika sebuleni kwa mkwe! Mama wa kijana anayemuoa binti yangu. Mwalimu mstaafu, maneno yake kama kayapima kwa kijiko. Jumamosi wanakuja kwetu kupanga tarehe ya harusi, nikaona nitangulie nichunguze.

Ukutani kuna picha yake ya kuchorwa, kubwa, kiunoni kwenda juu. Shati jeupe. Uso kaukaza kama anayesubiri majibu ya hospitali. Macho yanakutoboa! Halafu nikaona vifungo. Miaka ishirini na miwili niko kwenye cherehani, kwa vifungo hunidanganyi. Shati la kike linafungika huku, la kiume kule. Lile la kiume! Na marehemu mumewe alikuwa kipande cha mtu, lile lisingemtosha hata kifuani. Sasa la nani?

Jumanne, 5 Machi
Nimerudi, eti kumpima gauni la harusi. Nikaikodolea tena. Pete iko mkono wa kulia! Na saa pia! Mwenyewe kazivaa kushoto, nimehakikisha nikimpima mkono. Kumbe mchoraji kasema kwa mafumbo: ndoa ya mama huyu ilipinduliwa. Na nyuma ya bega kuna kivuli cheusi, ndiye jamaa mwenyewe, mwenye shati. Picha inasema yote, na wao wamekaa chini yake wanakunywa chai!

Nimemwambia Wifi tu, dada wa mume wangu. Akaapa hatasema. Akaongeza kwamba yeye alishajua zamani. Muongo! Hajawahi kukanyaga pale.

Alhamisi, 7 Machi
Kumewaka. Wifi kamwambia mwenye duka, mwenye duka kamwambia kijana mwenyewe. Kijana kampigia binti, kauliza mama yako ana nini na mama yangu. Binti kajifungia chumbani, analia kile kilio cha chini chini, kile kibaya. Kasema harusi ikivunjika nisahau kama nilizaa. Baba watoto kakunja gazeti mara nne, likabaki kama sabuni.

Nikamfuata Wifi, nikamwita redio. Akanijibu kwamba betri ni mimi.

Jumamosi, 9 Machi
Wamekuja. Mkwe, mwanawe, na kitu kikubwa kimefungwa shuka. Hakukaa. Akaomba kioo. Nikamletea kile cha wateja.

Akaifungua picha, akaiegemeza ukutani. Akatoa shati lile lile kwenye mfuko, akalivaa juu ya gauni. La kike! Akaniambia kwa upole, mama, simama nyuma yangu, tazama kiooni. Mama wa kwenye kioo akawa na pete kulia. Saa kulia. Vifungo vikageuka.

Akasema hakuna mchoraji. Alijichora mwenyewe, akijitazama kwenye kioo, mwaka ule wa kwanza wa ujane, maana watoto walikuwa shule ya bweni na nyumba nzima hapakuwa na uso mwingine. Ule mkazo? Alikuwa anajikagua kama bado yupo. Kivuli ni kabati.

Binti kanikazia macho. Nikasema samahani, mara ya kwanza mwaka huu. Nikahesabu mishono ya pazia, nikafika arobaini na moja. Mwishowe Mkwe akasema watoto wake wanapita mbele ya picha ile kila siku, hakuna aliyewahi kuiona hata pete, mimi ndiye wa kwanza kuitazama. Harusi ni tarehe 20 Aprili. Ila mimi niende nikae kitini siku tatu anichore, mdomo umefungwa. Baba watoto alicheka mpaka tukamletea maji.

Jumatano, 13 Machi
Siku tatu bila neno! Lakini nimetoka mrembo, shingo ndefu, hata Wifi atanuna. Binti kaniapisha nisimwambie mtu chochote kuhusu picha yoyote mpaka harusi ipite. Nimeapa mbele ya baba yake.

Ila nyuma yangu Mkwe kachora mlango wa kijani. Umefungwa. Nyumba ile haina mlango wa kijani! Nani anafungiwa nje, kama si binti yangu? Nimebana mdomo mpaka taya zinauma. Kiapo ni kiapo, sisemi.

Kuandika siyo kusema. Kikaratasi nimeshakipitisha chini ya mlango wa Wifi.