Gari Linalopenda Garsen

Jumatatu, 3 Februari

Mwanangu Job hakulala, nami sikulala. Lakini leo nina furaha!

Mama Pauline, mwenyekiti wa chama chetu cha akina mama hapa Hewani, ametangaza: Jumamosi watachagua wa kubeba maembe yao hadi kwenye lori kule Garsen, msimu mzima. Tuko wawili. Mimi na gari la marehemu baba, Probox, Jilo na tuktuk yake ya maua ya plastiki. Atakayetangulia kupanda tuta refu hadi barabara ya lami, mzigo umejaa, kazi ni yake. Nikipata, Job atakua mbele ya macho yangu. Nikikosa, narudi Malindi kufulia watu nguo na mwanangu abaki kwa nyanya yake. Kwa hiyo sikosi.

Tatizo moja tu. Gari halivuti. Nakanyaga mafuta, linanguruma, haliendi. Wiki mbili sasa. Ajabu! Maana wiki mbili hizohizo nimelitunza kuliko fundi yeyote. Nilichukua leso, nikaikunja mara mbili, nikafunika pale injini inapovutia hewa, vumbi letu hili lisiingie. Siri yangu. Jilo akijua ataiga.

Jumanne, 4 Februari

Nimejaribu tuta peke yangu. Nikapitwa na ndama. Mchungaji wake akanisalimu kwa huruma.

Jilo alikuwa pale juu, miguu nje ya tuktuk, anakula embe. Akauliza kama naendesha gari au natafuta shilingi niliyoangusha. Akasema, mama Job, ukifika maembe yatakuwa achari.

Nikamtakia mchana mwema. Nimelelewa.

Nimefikiri: uzito! Nikatoa kiti cha nyuma, gurudumu la akiba, jeki, hata redio. Nikarudi tutani. Vilevile. Kiti sasa kiko uani na kuku ametaga juu yake. Faida ndogo, lakini faida.

Jumatano, 5 Februari

Ni Jilo. Lazima ni Jilo. Ametia kitu kwenye tangi.

Nimenyonya petroli yote kwa mpira, nikaichuja kwa kichujio cha chai. Nimepata siafu mmoja, amekufa. Nimemweka kwenye kiberiti kama ushahidi. Mama Pauline akapita, akaangalia kiberiti, akaniangalia mimi, akaniambia nipumzike, mwanangu.

Chai ya jioni imenuka petroli. Nimekunywa. Sukari haitupwi.

Alhamisi, 6 Februari

Nimekwenda kwa fundi Dida, Garsen. Job nimemfunga kifuani, pua zimeziba kwa mafua. Gari limejikokota njia nzima. Karibu na mji nikasimama, nikaitoa leso, nikaificha. Mafundi wana macho!

Dida akapanda, akazunguka nalo soko. Likaruka kama swala! Akarudi ananitazama. Akasema gari ni zima, plagi safi, pampu safi. Akaniuliza, dadangu, kuna kitu ulichokuwa umeweka kisha ukatoa? Nikasema hakuna. Akasema gari ni kama mtu, ukimziba pua hakimbii.

Nikamshukuru. Nje ya mji nikarudisha leso. Gari likafa nguvu palepale!

Sasa nimeelewa. Gari linapenda Garsen. Halipendi Hewani.

Nyumbani Job hakuweza kunyonya. Anavuta mara moja, anaachia, analia. Nikakumbuka maneno ya Dida, nikamsafisha pua taratibu kwa maji ya chumvi. Akanyonya mpaka akalala na tabasamu. Kweli Dida ana akili. Ya watoto.

Ijumaa, 7 Februari

Nimetia maji ya Garsen kwenye rejeta. Nimemtuma mwenye pikipiki akayalete, chupa mbili. Najua ni maji ya mto Tana yaleyale. Lakini yamepita mjini.

Jumamosi, 8 Februari

Kijiji kizima kiko chini ya tuta. Kreti kumi nyuma. Mama Pauline kando yangu, amevaa gauni la kanisani, amempakata Job.

Job akaendesha. Tumbo, si gari. Gauni lote!

Nepi zimekwisha. Kitambaa kikavu kilichobaki ni kimoja tu duniani. Nikaruka nje, nikafungua boneti kana kwamba natazama oili, nikang'oa leso, nikaikung'uta, nikamfunga mwanangu. Jilo alikwisha ondoka, anapunga mkono kama bwana harusi.

Gari baadaye, mtoto kwanza. Nikajua nimekosa. Nikakanyaga tu.

Mungu wangu! Likaruka! Mama Pauline akashika mlango, akaita malaika kwa majina. Katikati ya tuta nikampita Jilo, vumbi langu lote mdomoni mwake. Juu ya lami nikasimama, nikalia kidogo.

Mama Pauline akasema msimu ni wako, mwanangu, ila upunguze mwendo. Kisha akauliza mbona leso ya mtoto inanuka oili. Nikamwambia huyu ni mtoto wa dereva.

Jumapili, 9 Februari

Baada ya ibada Jilo amenipa mkono. Akauliza, kwa heshima safari hii, nimefanyaje. Nikamwambia ni maji ya Garsen. Ameondoka mbio na dumu la lita ishirini.

Job ni mzima, ananyonya vizuri. Malindi siendi. Nimemwambia hivyo sikioni, akanivuta nywele.

Leso nimeifua, nimeianika, imekauka. Kuanzia kesho ni safari kila asubuhi, na vumbi litakuwa jingi zaidi. Nimeirudisha mahali pake kwenye injini.

Safari hii nimeikunja mara nne.