Bunduki ya Sajini Jonah na Nyumba ya Mabati

Jumatatu, 3 Agosti 1959. Njoro.

Nyani wamekula mahindi ya bwana tena. Mistari minne, upande wa mtoni, mchana kweupe. Bwana Kofia akatukusanya mbele ya stoo. Jina lake ni lingine, refu, la Kizungu. Tunamwita Kofia kwa sababu hakuna aliyewahi kuona nywele zake.

Amesema anataka mlinzi wa mahindi. Mlinzi atahama laini, yale mabanda yetu wafanyakazi, na kupewa ile nyumba ya mabati iliyo karibu na stoo. Nyapara akauliza kama mlinzi atapewa bunduki. Bwana akasema bunduki yake haiazimwi tena. Mlinzi aliyepita aliisahau kilabuni, na polisi walimgombeza yeye Kofia kama mtoto. Halafu akacheka: mwenye bunduki yake na karatasi zake aje achukue nyumba.

Watu wote wakacheka. Mimi sikucheka. Ile nyumba ina mlango wa mbao.

Barua ya mke wangu Truphosa nimeisoma mara sita. "Khisa," anaandika, "miaka miwili inatosha." Kama nina nyumba, atapanda treni Bungoma aje mwisho wa mwezi huu. Kama bado nalala chumba kimoja na wanaume wawili, haji. Misheni wamempa kazi ya jikoni, mkataba wa miaka mitatu, na anataka kuwajibu kabla ya Septemba.

Mbili na tatu ni tano. Darasa la nne nililifikia, hesabu hiyo naiweza.

Jumanne, 4 Agosti.

Nimewaambia ninaolala nao kwamba nitanunua bunduki. Masinde akageukia ukuta. Owuor, dereva wa trekta, akaacha kula. Akasema, "Ndugu yangu, wewe hata panga nyapara anakunyang'anya jioni, analihesabu na kulifungia. Leo serikali ikupe bunduki?"

Owuor ana wivu. Yeye pia mke wake, Akoth, yuko nyumbani kwao na anataka kuja. Tofauti ni kwamba Owuor hana mpango. Mimi ninao.

Nyapara amesema kuna polisi mstaafu huko Rongai, Sajini Jonah, anauza bunduki yake kwa sababu ya macho. Bunduki halali, ina leseni.

Alhamisi, 6 Agosti.

Niliomba ruhusa ya jino. Nyapara akanitazama mdomoni, akasema meno yangu ni mazima kuliko yake, lakini akanipa ruhusa na baisikeli. Nikaenda Nakuru, ofisi ya polisi, meza ya silaha. Karani anaitwa Waithaka. Kijana nadhifu, wino kila mahali isipokuwa mikononi mwake.

Nikamuuliza mtu akitaka kununua bunduki ya mtu mwingine, si ya dukani, afanyeje. Aliweka kalamu chini. Akauliza mtu huyo ni nani. Nikasema ni mimi. Akaichukua kalamu tena, polepole.

Mambo ni haya. Kwanza mnunuzi ajaze fomu na kulipa shilingi tano, na hata akikataliwa hazirudi. Wakikubali, muuzaji ndiye ailete bunduki hapa, mwenyewe, pamoja na leseni yake. Mnunuzi asiiguse njiani hata kama muuzaji amechoka. Wote wawili waweke sahihi mbele ya ofisa, mnunuzi alipe kumi nyingine, jina la zamani lifutwe, jina jipya liandikwe. Risasi zina karatasi yake na ada yake.

Nikauliza, na kama si kuuziwa? Kama Sajini amenipa zawadi? Karatasi ni ileile, akasema, na ada ni ileile. Nikauliza habari ya kuazima. Ileile. Kubadilishana na koti? Ileile. Nikauliza kama nimeiokota. Waithaka akatazama mlango, akaniambia kwa sauti ndogo, "Mzee, hii bado ni Hali ya Hatari. Ukiokota, usije kwangu kuuliza ada. Watu wamenyongwa kwa risasi moja mfukoni."

Nikalipa tano. Nina risiti. Ni karatasi nzuri, ina muhuri.

Jumapili, 9 Agosti.

Nimekwenda Rongai. Sajini Jonah ni Mkipsigis mrefu, anakaa kwenye shamba la Mzungu aliyekuwa mkubwa wake kazini. Alinikaribisha kwa jina la mtu mwingine. Nilipomwambia mimi ni Khisa, akasema alidhani hivyo.

Anauza kwa sababu mwezi uliopita alilenga nyani akatoboa debe la maji la jirani, na jirani alikuwa amelibeba. Sasa anataka fedha za miwani. Hataki zaidi wala pungufu, bei ya miwani tu. Niliwaza kwamba akipata miwani hatahitaji kuuza bunduki.

Akailaza bunduki mezani, akaniambia niishike nione uzito. Nikaweka mikono nyuma. Nikaizunguka meza mara tatu hivyo hivyo. Mke wake, Mama Chepngeno, akauliza kama nimefungwa pingu.

Tumekubaliana. Usiku sikungoja, nimemwandikia Truphosa jioni hii hii: nyumba ipo, ya mabati, njoo. Kesho barua inakwenda.

Jumatano, 12 Agosti.

Jino tena. Nyapara amesema la tatu likiuma atanipeleka yeye mwenyewe likang'olewe.

Waithaka amesema fomu yangu imepita kwa mkubwa. Sikuamini. Nikauliza sasa Sajini aje lini. Akasema bado kitu kimoja. Kabla ya kibali lazima inspekta aone mahali bunduki itakapokaa. Lazima iwe nyumba ya kudumu, ya huyo mnunuzi, yenye mlango wa mbao na kufuli, na isiwe ya kulala watu wengine. Mlango wetu sisi ni gunia.

Nikamweleza taratibu. Nyumba nitapewa nikiwa na bunduki. Akasema na bunduki utapewa ukiwa na nyumba. Nikamwomba amuulize inspekta kimoja kati ya hivyo kinaweza kutangulia. Akasema anaweza kumuuliza, lakini anaipenda kazi yake.

Inspekta atakuja Jumatatu.

Njiani, kwenye mteremko, nimepata jibu. Sheria haitaki nyumba iwe yangu. Sheria inataka inspekta aone ni yangu.

Ijumaa, 14 Agosti.

Nimenunua kufuli kwa Mhindi wa Njoro. Jipya, la shaba, funguo mbili. Ile nyumba haijafungwa kwa kufuli tangu mlinzi aondoke, ina pete mbili tu na kipande cha waya. Nimeondoa waya, nimetia kufuli langu. Imechukua muda mfupi kuliko kufunga kiatu.

Sikuingia ndani. Niliona kuingia bila ruhusa si adabu.

Owuor ameniona nikirudi. Akauliza ninatabasamu nini. Nikamwambia jino limepona.

Jumatatu, 17 Agosti.

Naandika haya ningali na vumbi la mbolea masikioni.

Asubuhi, kabla ya inspekta, Bwana Kofia alitaka mbolea. Mbolea yote, magunia arobaini, iliwekwa wiki iliyopita ndani ya ile nyumba kwa sababu stoo inavuja. Mimi sikujua. Nani angejua? Trekta linanguruma mlangoni, Owuor juu yake, watu kumi wamesimama, na kwenye mlango kuna kufuli ambalo bwana hajawahi kuliona. Akamwita nyapara. Nyapara akaapa. Bwana akaagiza nyundo.

Ningeweza kusema. Ufunguo ulikuwa mfukoni. Lakini inspekta alikuwa hajafika, na kufuli likitoka, kibali kinatoka nalo. Nikasema labda tungoje kidogo, pengine mwenyewe atatokea. Bwana akaniuliza mwenyewe wa nini, nyumba ni yake.

Alipiga mara nne. Kufuli la Mhindi si baya. Mara ya tano pete zikang'oka na mlango ukafuata, na gunia la juu likatuangukia mimi na nyapara. Hapo ndipo Land Rover ya polisi ikaingia.

Inspekta ni Mzungu kijana, mpole. Akasoma karatasi yake kwa Kiswahili cha polisi. Amekuja kuona nyumba ya kudumu ya Khisa, mlango wa mbao na kufuli. Akautazama mlango chini. Akalitazama kufuli mkononi mwa bwana. Akauliza Khisa ni nani. Watu wote wakanionyesha kwa kidole, hata Masinde, ambaye kwa kawaida haonyeshi kitu.

Wakasema Kiingereza muda mrefu. Inspekta akageuka kukohoa. Bwana hakukohoa. Akaja mpaka karibu yangu, akavua kofia. Ana upara. Akaniuliza polepole, kama mtu anayetaka kweli kujua: "Khisa, unataka nini hasa?"

Nikasema, "Bunduki, bwana."

Akavaa kofia. Inspekta akaandika neno moja kwenye fomu, na halikuwa refu. Bwana amenikata mshahara wa siku tatu na bei ya bawaba. Hakunifukuza. Anasema kabla ya mavuno hafukuzi mtu, hata mimi.

Jumatano, 19 Agosti.

Magunia yamehamishwa. Nyumba imefagiliwa. Owuor anahamisha kitanda chake.

Nimemuuliza alipata wapi bunduki. Akasema bunduki ya nini. Jana alikwenda kwa bwana baada ya kazi, akamwambia ana mke, chumba hakimtoshi, na anaomba ile nyumba. Bwana akasema chukua. Kazi ya nyani wamempa Mama Eucabeth, mjane wa upande wa maziwa, yeye na debe lake na mbwa wake. Tangu jana nyani hawajashuka.

Nikauliza, uliomba tu? Owuor akasema, "Sasa ningefanyaje, nimpige picha?"

Sikumwamini. Mtu haombi tu.

Jumamosi, 22 Agosti.

Barua ya Truphosa imefika. Amefurahi. Amewaambia misheni hapana, na nafasi wamempa mwingine. Tiketi ameshanunua. Atashuka Njoro Jumamosi ijayo, yeye, godoro na kuku wawili. Anauliza mlango unafungukia ndani au nje, apate kupima pazia.

Niliisoma nimekaa juu ya ndoo. Masinde akauliza kuna msiba. Nikasema bado.

Jumapili, 23 Agosti.

Owuor alikuja kunitafuta baada ya kanisa. Nilidhani amekuja kunicheka. Akasema ile nyumba ina vyumba viwili, kila kimoja na mlango wake, na Akoth haji mpaka avune, Oktoba. Chumba cha pili kina majembe tu. "Nenda kwa bwana leo, yuko barazani anakunywa chai. Mwambie Truphosa anakuja Jumamosi. Mimi nimeshamdokeza. Kaombe tu, ndugu yangu, maneno matatu."

Nilimshukuru. Tukapeana mikono. Nikaenda mpaka kona ya stoo, nikamwona bwana na birika lake.

Hapo nikafikiri. Owuor ni mshindani wangu. Kwa nini anisaidie? Na bwana aliyenikata siku tatu, nimwendee mikono mitupu, bila karatasi hata moja? Huo ni mtego wa wazi. Nikageuka.

Afadhali nilivyogeuka, kwa sababu nyuma ya stoo nilikutana na nyapara, naye akanieleza habari za fundi mmoja wa Gilgil, mstaafu, anayeuza bastola. Bastola ni fupi. Haihitaji nyumba, inaingia kwenye sanduku. Bila shaka hata fomu yake ni fupi, na ada pia. Nikiwa na bastola bwana ataniita mwenyewe.

Leo Jumapili, Truphosa Jumamosi. Siku sita zinatosha kabisa. Kesho asubuhi naomba ruhusa. Safari hii nitasema sikio.